Mwaka Tulioziba Matundu ya Kanisa

Nilicheka kwenye ibada ya kumuaga Mwalimu Wekesa. Natamani ningeweza kusema nilicheka kimoyomoyo, lakini kicheko kilinitoka kama kikohozi, na watu wa viti vya mbele wakageuka kunitazama. Kosa si langu. Kosa ni la mpwa wake, aliyesimama na karatasi yake akatutangazia kwenye kipaza sauti kwamba marehemu, katika miaka yake yote ya kufundisha hesabu na kuongoza kwaya, hakuwahi kukosea. Hakuwahi! Na pale alipokuwa amesimama kijana huyo, hatua mbili kutoka mimbarini, ndipo palipo na kiraka kwenye sakafu, mbao za rangi tofauti, upana wa meza ndogo ya chai. Waumini wa umri wangu wote wanajua kiraka kile kiliwekwa kwa sababu gani. Mama aliyekaa kando yangu alinipiga kiwiko ninyamaze, kisha nikaona mabega yake yeye mwenyewe yanatikisika. Nilikuwa nimetoka Komarock alfajiri na gauni langu jeusi, nimejiandaa kulia kwa heshima, maana nilimpenda yule mzee. Badala yake nikakaa pale naangalia kiraka, na mwaka wote ule ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, najifunza cherehani kwa fundi mmoja sokoni, na nilikuwa na kitu ambacho wenzangu wote walinionea wivu: chumba changu peke yangu. Nilikotoka na kilichonifanya nisirudi si habari ya leo. Chumba kilikuwa nyuma ya kanisa hili hili, na sikulipia chochote ila jasho. Nifagie, nipige deki, nifungue milango Jumapili, na kila Alhamisi nichemshe chai ya kamati. Kilienea kitanda, jiko la mafuta ya taa na sanduku langu, na mtu wa nne akiingia ilibidi wa kwanza atoke. Jioni nilikuwa nakula ugali na omena nimekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta wa mbao uliotenganisha chumba changu na chumba cha mikutano. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijua nani kwenye kamati anakunywa chai kwa kelele na nani amechukua mandazi mawili akasema amechukua moja. Nilikuwa nimepanga kukaa pale mpaka nimalize cherehani, ninunue yangu, nijitegemee. Nje ya chumba kile sikuwa na pengine pa kulala Nairobi nzima.

Kanisa lilijengwa na watu wa zamani walioujua udongo wetu wa huku Eastlands, ule mweusi unaovimba ukipata mvua na kupasuka ukipata jua, usiotaka kuachilia maji ukishayanywa. Kwa hiyo hawakumwaga saruji chini. Walisimamisha nguzo fupi za mawe, wakalaza mbao juu yake, na chini ya sakafu wakaacha uvungu wa kama urefu wa goti. Kuzunguka kuta, karibu na ardhi, waliacha matundu kumi na mawili, kila tundu na wavu wake wa waya. Kazi ya matundu yale hakuna aliyetuambia na hakuna aliyeuliza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi hatukuwa na haja na chochote cha mvunguni. Basi hakuna aliyeinama, mpaka siku kwaya yetu iliposhindwa.

Mashindano ya kwaya yalifanyika kila mwaka hapo kwetu, kwa kuwa tulikuwa na ukumbi mkubwa, na kila mwaka kanisa la ng'ambo ya ua lilikuja, likatushinda nyumbani kwetu, likanywa soda zetu likaenda. Mwaka ule tulikuwa wa tatu kati ya watatu. Mwamuzi aliandika maneno mawili: besi haisikiki. Mwalimu Wekesa aliisoma karatasi ile mbele yetu kwenye mazoezi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti karibu na kalamu zake.

"Mwalimu, si tunapiga besi mpaka shingo zinauma, manze," alilalamika Oti, kinara wa besi, kijana wa kiwandani mwenye kifua cha kubeba magunia.

"Imbeni," akasema Mwalimu. "Msiache mpaka nirudi."

Akatoka nje. Tuliimba ubeti wa kwanza, wa pili, tukarudia wa kwanza. Aliporudi alikuwa na udongo magotini na udongo kwenye sikio la kulia, na uso wa mtu aliyemkamata mwizi.

"Besi yetu iko nje," alisema. "Inatokea yale matundu ya chini. Nimeisikia na sikio langu hili."

"Ati nini?" Mama Trufosa, mkuu wa akina mama, alisimama na kiti chake. "Kumbe hii miaka yote tunawaimbia wale jirani bure?"

Leo ukisimulia habari hii watu wanashika mbavu, na mimi nimeisimulia harusini na kwenye vyama vya akina mama mpaka imenilipia chai nyingi. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mwalimu alijua hesabu, na mtu aliyejua hesabu mtaani kwetu aliaminiwa hata kwa habari za meno. Jumamosi iliyofuata tukaziba, mimi na yeye peke yetu. Kamati hatukuiambia, wala Mama Trufosa aliyekuwa mmoja wao, kwa sababu, kama alivyosema Mwalimu, kamati ukiiambia jambo inaunda kamati nyingine. Yeye alileta saruji, mimi nikachanganya kwenye karai, na tukazunguka kanisa tundu kwa tundu, yeye akipiga plasta na mimi nikimwagia maji, tukiimba tenzi polepole. Tundu la mwisho, la karibu na chumba changu, aliniachia nilizibe mwenyewe. Nilililainisha kama keki. Kisha, saruji ikiwa bado mbichi, nikachukua msumari nikaandika R.N., Rispa Nanjala, kwa herufi kubwa. Sikuwahi kuandika jina langu mahali patakapodumu, na nilijisikia mtu wa maana.

Wiki za kwanza besi ilisikika zaidi, au tulitaka isikike. Halafu masika ikaja, mvua ya kutwa, na mambo yakaanza kidogo kidogo. Chumvi yangu ikawa maji kwenye kopo. Kiberiti kikakataa kuwaka, nikawa natembea nacho kifuani kama mtoto mchanga. Vitabu vya nyimbo vikaota manyoya ya kijani. Majoho ya kwaya yakanuka, na kwa kuwa waimbaji walikuwa ndani ya majoho, watu wakaanza kukaa viti vya nyuma. Mlango mkubwa ukavimba, kuufungua Jumapili ikawa kazi ya wanaume wawili. Ukikanyaga sakafu karibu na mimbari ilizama kidogo na kurudi, kama godoro. Mimi nilizidi kupiga deki, maana nilidhani ni uchafu, na kadiri nilivyopiga ndivyo ilivyokataa kukauka. Lakini kilichomuuma Mwalimu ni ngoma. Ngoma kubwa ya kwaya, uliyokuwa ukiipiga inakujibu tumboni, sasa ilisema "bwe" kama mtu aliyeshiba.

"Ngozi mbovu," akaamua. "Tutairudisha kwa aliyetuuzia." Nikabebeshwa ngoma hadi Kiamaiko.

Aliyetuuzia alikuwa Mzee Galgalo, mtu mwembamba wa kofia nyeupe na ndevu za hina, ambaye biashara yake ilikuwa kukausha ngozi za mbuzi nyuma ya machinjio. Mwalimu alimsomea mashtaka yote. Mzee Galgalo alisikiliza, akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba, akainusa.

"Hii ngozi haina makosa. Imekunywa maji. Munaweka wapi?"

"Kanisani. Na paa halivuji."

"Mimi sijauliza juu. Chini iko aje? Iko na upepo?"

Mzee akatuvuta mpaka kwenye banda lake, lenye paa na lisilo na kuta, ambako ngozi zilikuwa zimewambwa kwenye fremu, hakuna inayogusa ardhi wala inayogusa mwenzake. "Ona," akasema. "Jua ikipiga hii, inapasuka. Nikifunika, inaoza. Haikaushwi na jua, Mwalimu, inakaushwa na upepo. Upepo ipite juu, ipite chini, itoke huko. Ardhi inapumua maji kila siku, hata kama wewe huoni. Mbao ni kama ngozi tu. Yule alijenga kanisa yenu lazima aliacha matundu chini."

"Tuseme," Mwalimu akasema polepole, "tuseme mtu ameyaziba."

"Sasa huyo mjinga ni nani?"

Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama mbuzi.

Njiani aliniingiza kibandani akaninunulia supu ya kichwa na chapati mbili, na nilipokuwa nimejaza mdomo akasema, "Rispa, tutayafungua. Lakini wacha kwanza mashindano yapite. Nikianza kubomoa leo wataniuliza nilijenga lini." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Supu ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Alhamisi hiyo nilipeleka chai, nikarudi chumbani, nikakaa mahali pangu ukutani. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Barasa, mstaafu wa reli aliyependa mambo yaende kwa wakati, alikuwa anazungumza juu ya unyevu.

"Ni huyu msichana. Anapiga deki kama anaosha lori."

"Ndoo mbili!" Sauti ya Mama Trufosa. "Nimemwona na macho yangu. Maji yote yanashuka kwa mbao, yataenda wapi?"

"Basi mwisho wa mwezi atafute pahali. Tutapata mtu wa kufagia kavu."

Nilikuwa nimeshika bakuli la omena, siwezi kutafuna, maana kutafuna kungenifanya nisisikie. Nilijua Mwalimu yumo mle ndani, nilimwekea chai yake mwenyewe, vijiko vitatu. Nikamngoja. Nikasikia amekohoa. Nikajiambia, sasa. Kisha nikasikia, "Hebu nisukumieni sukari."

Nimeudhiwa na watu wengi tangu siku ile, mume wangu akiwemo, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa neno sukari. Nililia juu ya jiko, nikasingizia mafuta ya taa. Na kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu Mzee Barasa alikuja kukagua kanisa kwa nje na fimbo yake, akafika tundu la mwisho, akasoma.

"R.N. ni nani?"

"Ni mimi, Mzee."

"Na ukuta ni wa nani?"

Ningemtaja Mwalimu hapo hapo. Lakini ndiye aliyenifundisha kusoma noti, akaniweka mbele ya sauti ya pili nilipokuwa siwezi hata kuinua macho mbele ya watu, na mdomo wangu ulikataa tu kumsema. Nikasema nilikuwa nazuia panya. Mzee Barasa hakuwa na neno na panya, ila na ruhusa. Akaandika kwenye kitabu chake: maji mengi, na ujenzi bila idhini ya kamati. Matundu yakabaki yamezibwa, na mimi nikabaki na siku kumi na moja za kuwa na chumba.

Jumapili iliyofuata mvua ilikatika alfajiri, jua likatoka kali. Mzee Galgalo alikuwa ameiwamba ngoma upya, na kwa kuwa hakuniamini kuibeba aliileta mwenyewe, akabaki nje mlangoni aone kama itatendewa haki. Ikatendewa. Kwaya iliingia kwa shangwe, Oti anaipiga ngoma, akina mama wanakanyaga kwa pamoja, sakafu nzima inadunda. Sasa, kwetu magharibi kila mtoto anajua kwamba ukitaka kumbikumbi watoke shimoni wakati wa masika, unagonga vijiti kwenye ubao karibu na shimo lao, bila kuacha, nao wanadhani ni mvua. Kanisa letu nusu yake lilikuwa watu wa magharibi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba tulikuwa tunagonga ubao.

Wa kwanza alitokea kwenye ufa karibu na mimbari. Akatikisa mabawa, akaruka, akatua kwenye Biblia ya mchungaji. Wakafuata kumi, kisha wakafumka kama maziwa yanayochemka, kutoka kila ufa, wakapanda madirishani, wakaingia kwenye majoho na vilemba. Mahali pengine watu wangekimbia. Mama Trufosa alitazama juu, uso ukang'aa.

"Chiswa!" alipaza sauti, ndilo jina lao kwetu. "Bwana asifiwe! Oti, usiache kupiga hiyo ngoma!"

Oti hakuacha. Akina mama wakavua leso, wakavua vitambaa vya kichwa, wakapiga magoti mbele ya nyufa kwa bidii ambayo mchungaji hakuwahi kuipata kwenye maombi. Kikapu cha sadaka kilijaa. Mzee Barasa mwenyewe nilimwona akivua kofia awakinge. Mtu mmoja tu hakufurahi. Mzee Galgalo alikuwa amesimama kizingitini, viatu mkononi, ametoa macho.

"Mwalimu!" akaita. "Hawa wanakula mbao yenu! Na nyinyi munawakula wao! Nyumba itabaki na nani?"

Mwalimu Wekesa akageuka amjibu, au amnyamazishe, hatukujua. Alipiga hatua moja kubwa kuelekea mbele ya mimbari, na sakafu ikampokea bila hata kelele nyingi, "pwaa," kama mkate uliolowa. Akazama mpaka kiunoni. Kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa Mwalimu, na tai yake, na kalamu zake. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa mali ya mchwa. Ngoma ikanyamaza. Ule ukawa wakati wa kwanza baada ya miezi kwa yeyote kati yetu kuona uvungu wa kanisa. Harufu iliyotoka mle ilikuwa ya gunia la viazi vilivyosahauliwa, na mawe ya nguzo yalikuwa yanatiririka maji.

"Mwalimu, tukutoe?" Oti akakimbia.

"Bado," akasema Mwalimu.

"Kuna mbao zimechongoka hapo, Mwalimu, utaumia."

"Nimesema bado! Nina jambo. Nikitoka hapa nitaona haya, ninyamaze tena. Niacheni humu humu nimalize." Akajifuta kumbikumbi usoni, akamtafuta Mzee Barasa kwa macho. "Matundu niliziba mimi. Rispa alichanganya saruji kwa sababu nilimwambia. Maji haya si ya ndoo yake. Ni ya ardhi, yamekosa pa kutokea. Nilijua tangu Kiamaiko, na Alhamisi mkimfukuza nilikuwa nimekaa hapo, nikaomba sukari."

Kumbikumbi mmoja alikuwa anatembea kwenye paji langu na sikumwondoa. Nilikuwa nimepanga kumchukia Mwalimu maisha yangu yote, na nilikuwa nimeanza vizuri, lakini kumchukia mtu aliyezama mpaka kiunoni kanisani na bado amenyoosha tai ni kazi ngumu.

"Sasa unaweza kunitoa," akamwambia Oti.

Mchana ule wanaume walibomoa plasta tundu kwa tundu kwa nyundo. Mzee Galgalo alisimamia, ingawa hakuna aliyemwomba, akifoka kwamba hilo la mwisho nalo litoke, jina au hapana jina. R.N. ikaanguka vipande viwili. Chini ya sakafu tulichimbua kichuguu, tukaondoa mbao zilizooza, tukaacha mahali wazi wiki mbili, upepo upite. Siku ya tatu nilipiga kiberiti kikawaka mara moja, nikacheka peke yangu. Mama Trufosa hakuniomba msamaha. Alikuja mlangoni na bakuli la kumbikumbi waliokaangwa na chumvi, akakaa kitandani pangu, tukala wote kwa ugali, akaniuliza kama kweli ndoo zilikuwa mbili. Nikamwambia ilikuwa moja na nusu. Mzee Barasa akafuta mstari kwenye kitabu chake, nikakaa kwenye chumba kile miaka mingine mitatu, mpaka cherehani yangu ikanitoa mle. Mashindano yaliyofuata yalipofika tulikuwa wa tatu tena. Mwamuzi aliandika besi haisikiki.

Tangu mwaka ule, kila kabla ya masika, Mwalimu Wekesa alikuwa anazunguka kanisa na waya aliounyoosha kutoka kwenye hanga ya nguo, anapiga goti kila tundu, anatoa majani, karatasi na utando wa buibui. Alifanya hivyo akiwa na nguvu, akaendelea akiwa na fimbo, na miaka ya mwisho aliletewa kiti. Hakuturuhusu kumsaidia. Nilipokuwa nimekaa pale kwenye ibada, macho kwenye kiraka, binti yake alipita katikati ya viti akanitia mkononi kitu chembamba kilichofungwa kwa gazeti. "Baba alisema hii ni ya Rispa," alininong'oneza, "na kwamba mvua haitasubiri matanga." Sikuhitaji kufungua kujua ni nini. Hapo ndipo nilipolia, mwishowe, sawasawa, mpaka mama wa kando yangu akanipa leso yake.

Gari la kumpeleka kwao Bungoma lilikuwa limeshawashwa nje. Kwaya ilikuwa inasimama kwa wimbo wa mwisho nami nikatoka, nikaenda nyuma, kwenye tundu la karibu na kilichokuwa chumba changu. Magoti yangu si yale tena, lakini niliinama. Nikaingiza waya, nikatoa majani makavu na kifuniko cha soda. Upepo wa baridi ukanigusa mkono. Na ndani wakaanza kuimba. Sauti za juu zilinijia kwa mbali, kupitia madirishani, kama za watu walio upande wa pili wa barabara. Lakini besi ilitokea pale pale kwenye tundu, nzima, nzito, ikanitetemesha shavu. Nikaweka sikio chini kabisa, udongo ukaingia, nikasikiliza ubeti wote. Miaka yote ile nimekunywa chai za watu kwa kumcheka, na sikuwahi hata siku moja kuinama nisikilize.

"Iko nje, Mwalimu," nikasema kwa sauti. "Besi yetu iko nje." Kisha nikajipangusa gauni, nikahamia tundu la pili.